Saratani ya damu kwa mzee: mhadhara wa Mtwara

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana mliowaleta mambo vipi. Leo tuongelee saratani ya damu ile kali, AML, maana huku kwetu kuanzia hapa mjini mpaka Newala huko, mzee akiishiwa nguvu, fizi zinatoka damu kila akipiga mswaki, homa haikatiki, tunasema uzee huo, au malaria, anapewa dozi ya mseto, anarudia tena, na FBP hajapimwa hata mara moja. Apimwe jamani, ni kipimo cha damu cha kawaida tu.

Sasa hii kansa inaanzia kwenye uboho ndani ya mifupa, chembe changa za damu zinajaa mle, hazikomai wala hazifi, nzima zinakosa nafasi. Tiba yake toka miaka ya 70 ni kemo nzito, sitarabini siku 7 pamoja na dawa nyingine kali siku 3, kijana anaihimili lakini mzee mwenye moyo au figo zilizochoka inaweza kumuondoa kabla ya kansa yenyewe.

Ndo maana mi naupenda sana utafiti wa VIALE-A, matokeo yalitoka 2020, wagonjwa 431, wa miaka 75 kwenda juu au wenye magonjwa mengine yanayowazuia kemo nzito, yaani dawa imejaribiwa kwa wazee wenyewe! Wote walichomwa azasitidini siku 7 kila mzunguko wa siku 28, ila kundi moja likaongezewa vidonge vya venetoklaksi, jingine vidonge vinavyofanana navyo ila havina dawa, na hata daktari hajui nani kapewa nini. Venetoklaksi inaibana BCL-2, protini inayoizuia chembe ya kansa isife. Waliopata zote mbili, nusu yao walivuka miezi 14.7 wakiwa hai, wale wengine 9.6. Kuna mtu atasema miezi mitano tu? Miezi mitano ni msimu mzima wa korosho, mzee yupo, anasimamia mwenyewe magunia yake yakipimwa ghalani.

Ila isiwadanganye kuitwa tiba laini, kwa wengi ugonjwa hurudi, na chembe nyeupe zinashuka mno, kwenye ule utafiti wagonjwa 42 kwa kila 100 walipata homa wakati kinga iko chini, kundi la pili 19. Kwa hiyo mzee aliye kwenye hizi dawa joto likifika 38 saa nane usiku msimpe panadol mkalala, tafuteni bajaji usiku huohuo, hospitali ya Ligula au ya Mitengo, na mkifika tu mapokezi semeni yuko kwenye dawa za kansa ya damu, asikae foleni.