Koplo wa Keya na Hesabu ya Usiku

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Jinja, habari za jioni.

Nimeombwa nimzungumzie babu yangu kama mwanajeshi. Nitafanya hivyo haraka, maana yeye mwenyewe vita alivimaliza kwa maneno machache: tulikwenda, mvua ikanyesha, tukarudi. Mvua hiyo ilikuwa ya Burma, Myanmar ya leo, mwaka 1944. Batalioni ya 4 ya Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), ile ya Uganda, ilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw katikati ya masika ikiwasukuma Wajapani, mpaka Kalewa ikatekwa mwanzoni mwa Desemba. Malaria ilikuwa adui wa pili, na pengine wa kwanza. Kila askari alipewa vidonge vya njano vya mepakrini, vikamgeuza ngozi yake njano pia, na mkubwa wake akasimama mbele yake kuhakikisha amemeza.

Shikeni hapo kwenye vidonge, nitavirudia.

Alirudi na cheo cha koplo, kikombe cha bati na Kiswahili. Kikombe hakikumletea maneno. Kiswahili kilimletea. Waganda wenzangu, tusidanganyane: wengi wetu lugha hii ilitufikia ikiwa imeshika bunduki. Wapo humu waliokuwa watu wazima miaka ya 1980, na mtu akisema "panda gari", amri ya askari waliokuwa wakiwakamata watu kwa wingi na kuwapakia kwenye malori, hata kwa mzaha, nyuso zao zinabadilika. Majirani walimwuliza bibi kwa nini anamruhusu mumewe awasemeze watoto kwa lugha ya kambini. Bibi akajibu kwa Kisoga kwamba hajawahi kumsikia akitukana kwa lugha hiyo, ila kwa Kisoga anatukana vizuri sana.

(Cheka tu, Mzee. Wewe ulimjua.)

Na jambo moja huwa nawaambia vijana: huyo anayekikataa Kiswahili jioni anakula posho. Posho ni mgao, chakula anachopimiwa askari, kibarua au mfungwa. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wakitaka chakula hicho hicho husema ugali. Sisi tuliita sufuria zima kwa jina la mgao, tukasahau.

Sasa vidonge. Mtoto akiugua homa, babu alimpa kwinini mwenyewe. Hakumwachia bibi, hakumwachia dada mkubwa. Alichuchumaa mbele ya mtoto: "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Kisha alikaa kwenye mkeka ule ule hadi alfajiri, akigeuza kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Baba yangu anasema alikuwa tayari ana ndevu alipotambua kwamba kukaguliwa ulimi si desturi ya kila nyumba.

Halafu ile hesabu. Kila usiku, kabla ya kuweka komeo, watoto walisimama barazani na kila mmoja akataja namba yake: moja, mbili, tatu, hadi saba. Mlango haukufungwa mpaka saba imesikika. Shangazi aliwahi kuchelewa mnadani, babu akachukua taa akaenda kumtafuta, na wale sita wakabaki wamesimama. Alirudi naye saa nne usiku. Hakumchapa. Alisema tu, "Endelea," na hesabu ikaanza upya.

Namba nne alikufa kwa surua kabla ya kuanza shule. Kuna waliodhani watoto watasogezwa, tano awe nne. Babu alikataa. Usiku hesabu ilipofika namba nne, aliinyamazia kidogo, kisha akaashiria kwa kidole, tano akajibu. Hivyo kwa miaka yote iliyofuata. Sisi wajukuu tuliikuta hesabu ina shimo, tukadhani ndivyo Kiswahili kinavyohesabiwa. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alihangaika nami muhula mzima.

Niliwahi kumwuliza kama hesabu hiyo aliijifunza Burma. Akasema ndiyo, kule alihesabu kikosi chake kila jioni. Nikamwuliza kule walifanyaje namba isipojibu. Akasema, "Kule waliwasogeza," akaomba chai.

Mengine yanataka mtu aliyesimama kwenye baraza lile. Shangazi, namba moja, karibu mbele. Mpeni kiti.