Nani Anaamua Kipande Kiishie Wapi? Mhadhara kuhusu albamu mpya za jazi

Mabibi na mabwana, ndugu wapenzi wa muziki, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie albamu mpya za jazi na za muziki unaobuniwa papo hapo. Albamu hizo zinatoka nyingi kila Ijumaa, na nikianza kuzitaja moja moja tutakesha. Nimechagua kuzipima kwa swali moja: nani anaamua kipande kiishie wapi?

Wimbo ulioandikwa una jibu lake tayari. Beti zimehesabiwa, kiitikio kinajulikana, na kila mtu anajua pa kunyamaza. Lakini watu wanne wakipanda jukwaani bila kupatana watapiga nini, mwisho nao unatungwa palepale. Mmoja anahisi imetosha, anapunguza sauti. Mwenzake hakubali, anaokota noti moja na kuanza safari nyingine. Mimi humpima mpigaji hapo kuliko kwenye kasi ya vidole vyake: anajua kumwachia mwenzake njia? Anajua kunyamaza?

Zamani santuri ndiyo iliyoamua. Upande mmoja ulibeba dakika 20 na kidogo, basi. Mwezi Desemba 1960 mpiga saksafoni Ornette Coleman aliingia studio New York na vikundi viwili vya watu wanne wanne, wakapiga kwa wakati mmoja kipande kimoja cha dakika 37 hivi. Albamu hiyo, Free Jazz, ilipotoka mwaka 1961, ilibidi kipande hicho kikatwe katikati ili msikilizaji ageuze sahani. Leo, muziki ukiwa wa kidijitali, hakuna anayelazimika kukata. Kundi la The Necks kutoka Australia limejenga maisha yake yote juu ya uhuru huo. Ni watu watatu, wako pamoja tangu 1987, na albamu yao ya Bleed ya mwaka 2024 ni kipande kimoja cha dakika 42.

Kwa hiyo mwanamuziki wa leo ana hiari, na hiari ina uzito wake. Nitazame kwanza wale waliochagua kukata.

Mpiga dramu Makaya McCraven wa Chicago alirekodi maonyesho ya kubuni papo hapo wiki hadi wiki, akakusanya karibu saa 48 za muziki. Kisha akakaa nazo nyumbani. Alichukua kipande cha mdundo hapa, mstari wa besi pale, akavirudiarudia na kuvipanga kama afanyavyo mtayarishaji wa hiphop, hadi ikazaliwa In the Moment mwaka 2015. Wako wanaonung'unika kwamba huo si ubunifu wa papo hapo tena, kwa kuwa mkasi umepita. Siafikiani nao. Ukisikiliza kwa makini unasikia mtu aliyeusikiliza usiku wake mwenyewe mara nyingi, akagundua dakika ambazo wenzake walikutana bila kujua, akazipa nafasi waliyozinyima walipokuwa jukwaani. Kukata kwake ni kusikiliza mara ya pili. Albamu hiyo pia iliipa sura lebo, yaani kampuni ya rekodi, ndogo ya International Anthem, iliyokuwa imeanzishwa Chicago mwaka mmoja tu kabla, na ambayo leo haikwepeki ukizungumzia muziki huu.

Kuna njia nyingine, ya kuacha kitu kimoja kirudi tu. Nawaombeni mwisikilize Promises, iliyotoka Machi 2021. Sam Shepherd, mwanamuziki wa kielektroniki wa Uingereza anayejiita Floating Points, alitunga kifungu cha noti saba, kikawa kinarudi na kurudi kwa dakika 46. Juu ya kifungu hicho akamkaribisha Pharoah Sanders na saksafoni yake, na nyuma yao wakaja wapiga fidla wa London Symphony Orchestra. Sanders alikuwa na umri wa miaka 80 albamu ilipotoka. Huyu ndiye kijana aliyekuwa akipiga mayowe ya saksafoni pembeni mwa mpiga saksafoni mwenzake John Coltrane miaka ya 1960. Hapa hapigi mayowe. Anangoja noti saba zipite, anaweka sentensi fupi, anangoja tena. Kipaza sauti kiko karibu naye kiasi kwamba unasikia pumzi ikiingia kabla ya noti haijatoka. Katika sehemu ya nne anaacha saksafoni kabisa na kunong'ona kwa sauti yake, silabi zisizo neno. Alifariki Septemba 2022. Kwa maoni yangu hakuna rekodi ya miaka hii inayoonyesha vizuri zaidi namna mtu anavyoweza kupiga kidogo akasema mengi.

Lakini yuko mwamuzi mwingine, naye hapigi ala yoyote. Kwenye Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukishafika sekunde 30. Baada ya hapo, usikilize dakika mbili au dakika 24, hesabu ni ileile: mara moja. Anayepiga kipande kirefu analipwa sawa na mwenye wimbo wa dakika mbili, na katika muda wa kipande kimoja huyo mwenzake anaweza kuhesabiwa mara 12. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu linamwadhibu mtu kwa kuuchukua muda wake kwa heshima. Ndiyo maana wengi wao wanaishi kwa kuuza santuri, kwa maonyesho, na kwa wasikilizaji wanaonunua albamu nzima kwenye Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Mkiupenda muziki huu, nunueni.

Mpiga saksafoni wa Uingereza Shabaka Hutchings aliweka saksafoni chini mwishoni mwa 2023, akiwa katika kilele cha umaarufu wake, akageukia filimbi, hasa shakuhachi ya Japani. Aprili 2024 ikatoka Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace. Aliirekodia katika studio ya fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder huko New Jersey, chumba kilekile alichorekodia Coltrane. Wanamuziki waliketi pamoja bila hedifoni na bila kutenganishwa kwa kuta. Hili si jambo dogo. Studio nyingi humweka kila mtu kwenye kibanda chake, ili fundi aweze kurekebisha sauti moja bila kugusa nyingine. Kwenye chumba kimoja, sauti ya kinubi inaingia kwenye kipaza sauti cha filimbi. Ukipiga kwa nguvu mno, unamfunika mwenzako papo hapo na hakuna wa kukuokoa baadaye. Vipande vingi humo vinaishia pale pumzi inapoishia.

Na wakati mwingine mwisho unaamuliwa na Mungu. Mpiga tarumbeta jaimie branch, aliyependa jina lake liandikwe kwa herufi ndogo, alifariki Agosti 2022 akiwa na miaka 39, albamu yake ya mwisho na kundi lake la Fly or Die ikiwa karibu kukamilika. Ndugu zake na wanabendi wenzake wakaimalizia, ikatoka Agosti 2023. Ina furaha, ina hasira, anaimba kwa sauti kubwa. Huwezi kuisikiliza ukiwa umekaa. Upande wa pili yuko Marshall Allen, kiongozi wa bendi kubwa ya jazi ya Sun Ra Arkestra, aliyezaliwa Mei 1924. Alishatimiza miaka 100 alipotoa New Dawn, Februari 2025, iliyotangazwa kuwa albamu yake ya kwanza binafsi. Saksafoni yake ya alto bado inauma.

Mpiga piano Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini anastahili mhadhara wake peke yake. Nitasema tu kwamba albamu yake uNomkhubulwane ya mwaka 2024, piano, besi na dramu, imepangwa katika sehemu tatu, na anapiga kama mtu aliye katika ibada. Ibada hufika mwisho inapofika.

Nimemwacha Jeff Parker hadi mwisho kwa makusudi. Mpiga gitaa huyu alikuwa akipiga Jumatatu katika baa ndogo ya Los Angeles iliyoitwa ETA, pamoja na Anna Butterss kwenye besi, Jay Bellerose kwenye dramu na Josh Johnson kwenye saksafoni. Hawakuwa na haraka. Fundi Bryce Gonzales aliwarekodi kwa vifaa vichache. Baa ilifungwa mwishoni mwa 2023, lakini usiku mmoja wa Januari mwaka huo umebaki: ni The Way Out of Easy, iliyotoka Novemba 2024, vipande vinne tu.

Cha kwanza kinaitwa Freakadelic. Kinaanza na utunzi wa Parker wa zamani, halafu utunzi wenyewe unayeyuka na besi na dramu zinabaki zikishikilia mdundo mmoja. Johnson anapitisha saksafoni kwenye mitambo hadi unashindwa kujua ni yeye au ni gitaa. Hakuna anayekimbilia kilele. Kila mara nikidhani sasa wanamaliza, mmoja wao anaweka noti moja na wote wanaigeukia, na hapo unasikia watu wanne wakipiga kura bila kusema neno.

Kinazidi dakika 20. Tutakisikiliza chote, bila kukikata. Nawaomba mzime simu na mmfuate mtu mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi nitamfuata Butterss. Kikiisha, nitapokea maswali.