Jinsi ya kuvuka Ashtray Maze bila kuikata ngoma

Habari zenu wapenzi wa magemu, karibuni. Leo tunavuka Ashtray Maze, ule mzingile wa korido ndani ya gemu ya Control, na tunauvuka kwa namna ambayo ngoma yake ya roki utaisikia vizuri toka mwanzo hadi mwisho. Kama hujafika huko na hutaki utamu uharibike, simamisha video hapa, kacheze kwanza, halafu urudi.

Mliobaki, twende. Kwa ambaye ni mgeni: Control ilitoka Agosti 2019, na walioitengeneza ni Remedy wa Finland. Unamchezesha Jesse Faden, anayeingia kwenye jengo la siri la serikali mjini New York kumtafuta mdogo wake, Dylan. Jengo lenyewe halitulii. Kuta zinasogea, vyumba vinahama, na ukigeuka mlango uliopitia unaweza kukuta ukuta.

Hatua ya kwanza: usiulazimishe. Mapema kwenye hadithi unaweza kuufikia mzingile huu na kuingia, lakini utazunguka kwenye zile korido zenye mapambo ya ukutani yanayofanana, kisha utatokea palepale ulipoingilia. Nilihesabu milango jioni nzima nikidhani kuna mpangilio wa kukariri. Haupo. Endelea na hadithi mpaka ikupeleke kwa Ahti.

Ahti ni yule mzee wa usafi mwenye mopu, na jina lake ni la mungu wa bahari katika masimulizi ya kale ya Wafini. Hatua ya pili ni kumtafuta, na hapa tumia masikio: utasikia wimbo wa Kifini wa mtindo wa dansi ya tango ukiimbwa. Anayeimba ni Martti Suosalo, mwigizaji wa Finland aliyempa Ahti sura na sauti yake. Ifuate sauti. Mzee anakwenda likizo, na anakuachia Walkman yake, kile kicheza kaseti kidogo, pamoja na hedifoni. Hiyo ndiyo funguo. Mzingile unaomzungusha kila mtu unamfungukia anayesikiliza muziki, na mimi sijawahi kuona gemu nyingine ikiupa muziki heshima kubwa kiasi hicho.

Sasa kabla ya kuingia, subiri kidogo. Hatua ya tatu ni maandalizi. Vaa hedifoni zako mwenyewe, kama Jesse alivyovaa zake. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, uache muziki juu kabisa na ushushe kidogo milio ya silaha. Bunduki ya Jesse hubadilika umbo; weka umbo la Shatter, linalopiga kwa karibu kama shotgun, maana korido ni nyembamba na maadui wanakuja karibu. Kama mapigano ya gemu hii yanakushinda, washa Assist Mode, iliyoongezwa mwaka 2020. Humo unaweza kupunguza madhara unayopata, hata kufanya Jesse asife kabisa. Hapa hutafuti sifa ya kupiga risasi. Ukifa, unarudishwa nyuma na ngoma inakatika, na kuisikia ikikatika kunauma kuliko kushindwa.

Haya, ingia.

Gita hilo linaanza. Ngoma inaitwa Take Control, na ndani ya gemu inasemekana ni ya Old Gods of Asgard, bendi ya kubuni ya wazee wawili ndugu ambao Remedy waliwaleta kwanza kwenye gemu ya Alan Wake mwaka 2010. Wapigaji wa kweli ni Poets of the Fall wa Helsinki. Urafiki wao na Remedy ni wa tangu 2003, walipotoa Late Goodbye kwa ajili ya Max Payne 2, wimbo uliotokana na shairi la Sam Lake, mwandishi wa gemu hizo. Kwa hiyo hii si ngoma iliyonunuliwa dukani ikabandikwa juu ya picha.

Sasa sikiliza inavyofanya kazi, kwa sababu uchezaji wako wote unategemea hili. Ngoma imekatwa vipande. Ukiwa unapigana kwenye korido moja, kipande cha hapo kinajirudia. Ukisonga, kuta zinafunguka, korido inajikunja mbele yako, na muziki unaruka kwenye kipande kinachofuata bila kukosea mdundo. Ina maana ukijibanza kwenye kona ukisubiri maadui waje mmoja mmoja, utasikia mapigo yaleyale ya gita mpaka yachuje. Wewe ndiye unayeusukuma wimbo.

Basi cheza hivi. Sogea mbele kila wakati. Adui wa kwanza mrushie kipande cha zege kwa Launch, ile nguvu ya Jesse ya kurusha vitu bila kuvigusa, na wakati nguvu za Jesse zinajaa tena, malizia wa pili kwa bunduki. Risasi zikiisha, rudi kwenye Launch. Usirudi nyuma kutafuta uhai: kwenye Control afya haijazi yenyewe, unaiokota pale adui alipoangukia, na adui wako mbele. Sakafu ikipotea, ruka na ushikilie Levitate uelee hadi upande wa pili. Usiogope pale ukuta unapokujia usoni. Unafunguka. Mara ya kwanza kila mtu husimama hapo, na ukisimama unapoteza lile tukio tamu la korido kupasuka sawia na ngoma.

Waimbaji wakipaza sauti, pandisha kasi. Hata kama umebakisha adui mmoja nyuma, na njia imefunguka, mwache.

Ukishatoka ng'ambo, tulia. Jesse mwenyewe ana neno la kusema kuhusu alichopitia, na amelisema kwa niaba yetu sote. Usibonyeze chochote mpaka amalize. Kisha, kama unatumia PS4, bonyeza Share halafu mraba: kwa mpangilio wake wa kawaida mashine inahifadhi dakika 15 zilizopita, na safari yako yote na ngoma yake itakuwemo humo.