Programu Iliyokufa Bila Kuacha Nyayo

Ndugu wasikilizaji, kabla hamjafungua dibaga, yaani programu ya kuchunguzia makosa, ulizeni kwanza nani kaua. Programu ya C kwenye Linux ikishakata tu, andikeni `echo $?` kwenye terminali, iwaonyeshe namba ya kifo chake. Mkiona 139, hiyo ni 128 kujumlisha 11, namba ya ishara iliyoiua: imegusa kumbukumbu isiyo yake. 134 imejiua yenyewe kwa `abort`, pengine baada ya kugundua kuwa staki yake, kumbukumbu ya fanksheni zinazoendelea, imechafuliwa. 137 ni ishara ya 9, nayo haizuiliki wala haiachi faili la kore, ile nakala ya kumbukumbu ya programu ilipokufa, kwa hiyo dibaga haina cha kusoma. Endesheni `dmesg` msome ujumbe wa kerneli, kiini cha mfumo; mara nyingi mtakuta ni yenyewe iliyoichinja kwa sababu RAM imeisha.

Ni 139 na kore haionekani? Andikeni `ulimit -c unlimited` kuondoa kikomo cha ukubwa wa kore, iendesheni tena programu, kisha someni `/proc/sys/kernel/core_pattern` mjue faili linapelekwa wapi.

Sasa tuitazame maiti yenyewe, yaani kore, ndani ya dibaga. Dibaga inasema:

`0x0000006f626d614a in ?? ()`

Wengi wakifika hapa hufunga dirisha. Msifunge. Someni baiti kuanzia kulia: 4a, 61, 6d, 62, 6f. Hizo ni herufi: J, a, m, b, o. Maandishi yamefurika kutoka kwenye bafa, nafasi iliyotengewa kuyahifadhi, yakafunika anwani ya kurudi, ile inayoiambia fanksheni irudi wapi ikimaliza kazi. Tafuteni maandishi yanayoishia na Jambo, na `strcpy`, fanksheni ya C ya kunakili maandishi bila kupima nafasi, iliyoyanakili.

Anwani ikiwa 0x0, kisa ni kingine: mmeita fanksheni kupitia kielekezi (pointer) kitupu. Hapo staki kwa kawaida bado nzima, na kwenye prosesa za x86-64 amri ya dibaga `x/a $rsp` itawatajia aliyeita.

Kigumu zaidi ni programu inayoangukia ndani ya `malloc` au `free`, zinazotenga na kuachilia kumbukumbu. Hapo palipoanguka hapana kosa; kosa lilitendeka zamani, mahali pengine, na aliyeandika nje ya mpaka kashaondoka. Kompailini upya kwa `-fsanitize=address -g`, inayotia ndani ya programu mlinzi wa kumbukumbu. Mwendo utapungua karibu nusu, lakini mwandishi atakamatwa kalamu mkononi, pamoja na mstari wake.

Valgrind, chombo kingine cha kukagua kumbukumbu, haihitaji kukompaili upya, ila huichelewesha programu mara 20 hadi 30, na bafa ya kwenye staki ikifurika, kama ile ya Jambo, Memcheck, mkaguzi wake wa kumbukumbu, kwa kawaida haioni.