Mabao 60 ya Dixie Dean hayakuletwa na sheria

Ndugu zangu, kila nikiitaja hesabu hii kuna mkono unanyooshwa kabla sijamaliza sentensi. Dixie Dean, mshambuliaji wa klabu ya Everton ya England, msimu wa 1927/28: mechi 39 za ligi, mabao 60. Mkono huo tayari nauona. Mtaniambia sheria ya kuotea (ofsaidi), ile inayomzuia mshambuliaji kupokea pasi akiwa amewapita mabeki, ilikuwa imelegezwa.

Ndiyo, ililegezwa mwaka 1925. Awali mshambuliaji alitakiwa awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli pasi inapopigwa, wakabaki wawili, na mabao yakamwagika England nzima. Lakini sheria ile haikuandikwa kwa ajili ya Dean! Washambuliaji wote wa nchi ile waliichezea. George Camsell wa Middlesbrough alifikisha 59 msimu uliotangulia, tena daraja la pili. Kama kazi ilifanywa na sheria, mbona ya 60 alifikisha mmoja tu?

Ninyi mnatazama sheria, mimi natazama kichwa. Juni 1926 kijana huyu wa Birkenhead, umri miaka 19, alipata ajali ya pikipiki kule Holywell, Wales. Fuvu likapasuka, taya likavunjika. Madaktari walihofia kwamba hatacheza tena. Mwaka haujaisha, amerudi uwanjani anapiga vichwa. Na mpira wenyewe haukuwa huu wa leo. Ulikuwa wa ngozi nene, mdomo wake umefungwa kwa kamba kama kiatu. Mvua ikinyesha unakunywa maji, unakuwa mzito, na ukiupokea upande wa kamba unakuchana kipaji cha uso. Dean aliuwekea fuvu lile lile.

Sasa twendeni Goodison Park, uwanja wa Everton enzi hizo, Mei 5, 1928. Ubingwa Everton wameshauchukua. Dean ana mabao 57, manne kati ya hayo kawatupia Burnley wiki moja kabla. Anahitaji matatu, na mgeni ni Arsenal. Arsenal wanatangulia. Dean anasawazisha papo hapo, kisha anafunga penalti: 59. Halafu kimya. Dakika zinakwenda, Arsenal wamesharudisha, mbili kwa mbili, watu wamesimama roho juu. Zimebaki dakika chache, Everton wanapata kona. Anayeipiga ni Alec Troup, winga mfupi wa Kiskoti aliyekuwa akicheza bega limefungwa bendeji kwa sababu lilikuwa likiteguka mara kwa mara. Mpira unapanda, na Dean anapanda kuliko wote. Kichwa, wavuni. Sitini! Arsenal walisawazisha baadaye, ikawa tatu kwa tatu, lakini nani aliyeangalia tena?

Naambiwa muda umekwisha, na nilitaka kuwaeleza Everton walivyoshuka daraja 1930, wakapanda 1931, wakawa mabingwa 1932. Fainali ya Kombe la FA 1933 naitaja tu: Manchester City walifungwa 3-0, Dean naye akafunga, na ndiyo fainali ya kwanza wachezaji kuvaa namba mgongoni. Yake ilikuwa 9. Timu ya taifa: mechi 16, mabao 18. Ligi akiwa Everton: mechi 399, mabao 349. Alifariki Machi 1, 1980, pale pale Goodison, akitazama Everton wakicheza na Liverpool.

Haya, maswali. La kuotea nimeshalijibu.