Kutoa habu ya nyuma ya Land Rover Series III

Karibuni, ndugu zangu mafundi na wenye magari ya zamani. Tuko Dodoma, na gari hili limekuja kubadilishwa bushi za springi za nyuma. Ila tazama hapa ndani ya rimu: oili imetapakaa, yaani sili, mpira unaozuia oili, inavuja. Kwa hiyo habu nayo, kitovu kinachobeba tairi, inatoka. Tunaanza nayo kabla ya kugusa yu-bolti zinazofunga ekseli kwenye springi, maana nati za habu zinataka ekseli iliyotulia.

Kwanza weka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Usiitegemee hendibreki. Kwenye gari hili haishiki matairi, inashika propela, fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, pale nyuma ya giaboksi. Ukishainua tairi moja la nyuma, au ukishatoa shafti, fimbo ya ndani ya ekseli inayozungusha tairi, gari linaweza kuondoka hata kama umeivuta mpaka mwisho.

Piga jeki, weka stendi chini ya ekseli, toa tairi. Legeza ajasta ya breki, kisha fungua skrubu tatu za dramu, bakuli la chuma linalofunika breki. Zikigoma, simamisha bisibisi na uigonge kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa, lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa.

Tega beseni, fungua bolti sita zinazoshika shafti kwenye habu, vuta shafti.

Hapa sasa tulia. Kuna nati mbili kubwa, katikati yake washa iliyokunjwa ukingo. Nyoosha ukingo kwa tindo, halafu shika spana ya boksi ya milimita 52. Wengi huzungusha nati hizi kwa tindo na nyundo. Ona hii: pembe zimeliwa, na chembe za chuma zinang'aa kwenye grisi. Chembe hizo ndizo zinazoua beringi. Tafadhali, itafute hiyo spana.

Toa nati ya nje, washa, nati ya ndani, kisha washa yenye kijino. Vuta habu kwa mikono miwili, kidole gumba kikizuia beringi ya nje isidondoke mchangani. Ifunike papo hapo. Upepo wa kiangazi hapa Dodoma haukupi nafasi.

Futa ekseli, pitisha ukucha kwenye ringi inayokaliwa na sili. Ukucha ukikwama, pameliwa. Badilisha na ringi yenyewe, la sivyo sili mpya itavuja vilevile.