Siku ya Tatu Mpe Mwiko

Wazazi wangu, shikamooni. Vijana mnaosafiri mwezi wa nane kwenda kusoma Marekani, hamjambo.

Habari za viza, bima na baridi mmeshazisikia. Mimi nimepewa chakula, na sijanung'unika. Niliishi Iowa, jimbo la Marekani, nikiwa mwanafunzi wa kubadilishana, kwa watu ambao hawakunijua mimi wala ukoo wangu. Tuweke jambo moja sawa kwanza, maana mitaani linapotoshwa: familia zile hazilipwi mshahara kwa kukaa nanyi. Katika YES, mpango wa kubadilishana wanafunzi ulioanzishwa mwaka 2002 na unaowapeleka vijana wetu Marekani, wenyeji wanajitolea chumba na sahani. Sheria ya kodi ya kwao inawaruhusu kuhesabu dola 50 tu kwa mwezi kama sadaka isiyotozwa kodi, basi.

Kwa hiyo wewe si mteja pale. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao kwa adabu yao hawatakupa hilo jembe, watakuambia kaa, pumzika. Lichukue mwenyewe, na pa kulichukulia ni jikoni.

Sasa, wengi husubiri Novemba, Wiki ya Elimu ya Kimataifa. Mtu anavaa kanga, anapeleka pilau shuleni, anapigwa picha. Sikatai, lakini yale ni maonyesho. Mimi nasema pika Jumanne, mama wa nyumba karudi kazini kachoka, hakuna aliyefikiria cha kula. Wali na maharage ya nazi vinatosha. Siku hiyo hutakuwa balozi wa mtu. Utakuwa mtoto wa nyumba aliyepika.

Mtakutana na vituko vya vifaa. Iowa inaongoza Marekani nzima kwa kulima mahindi. Barabara inakatiza shamba mpaka macho yachoke, na bado unga wa ugali hupati! Mahindi yale ni ya njano, mengi yanakwenda kwa nguruwe, ng'ombe na viwanda vya ethanoli, mafuta ya magari. Dukani tafuta unga mweupe wa mahindi uliosagwa laini. Ukienda duka la Wameksiko utaona masa harina, mweupe, laini, unavutia. Uache. Mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, ni ya kutengenezea tortilla, chapati zao za mahindi. Ukisonga ugali utanuka usichokijua na kukunatia mwikoni.

Nazi utaikuta ya kopo. Tikisa kopo kabla ya kufungua, kwa kuwa tui zito huganda juu. Soma lebo pia: kuna kopo lingine limetiwa sukari, ni la kuchanganyia vinywaji. Maharage yakipata lile, mmeshapika uji wa harusi.

Pilau ndiyo mtihani. Kitunguu chao ni kikubwa na kina maji, kinachelewa kugeuka kahawia. Ukikiharakisha kwa moto mkali, king'ora cha moshi kitalia nyumba nzima ikimbilie jikoni. Washa feni ya juu ya jiko, weka moto wa kati, vumilia. Mkaa wa kupalia juu ya kifuniko haupo; funika sufuria barabara, itie kwenye oveni. Namba za oveni zisikutishe, ni Farenhaiti: 350 ni kama 177 zetu za Selsiasi. Viungo beba vya kutoka nyumbani, vikavu, vilivyofungwa vizuri, na uvitaje forodhani. Nyama, matunda na mboga mbichi viache. Mama, najua unasikia, hata yale maembe.

Kabla ya kupika chochote, uliza nani hali nini. Karanga huko si mzaha, zinaweza kumlaza mtu hospitali. Sheria yao inataja vyakula tisa vya mzio ambavyo lazima viandikwe kwenye pakiti. Karanga zimo, na ufuta umeongezwa mwaka 2023. Basi mchicha wa karanga usubiri mpaka uulize. Nanyi mnaofunga na msiokula nguruwe, semeni mapema, bila haya. Watu wale hawabahatishi wakishaambiwa.

Halafu msipike peke yenu. Baba wa nyumba yetu alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache. Mezani alikuwa akisema "pitisha chumvi" tu. Jioni moja nikampa mti wa kusukumia chapati. Zake zilitoka na pembe kama ramani ya nchi isiyojulikana, lakini mikono ilipopata kazi, mdomo ukafunguka. Alinieleza bei ya mahindi, deni la trekta, na mwanawe aliyehamia mjini asiyetaka shamba. Mkewe alisimama mlangoni na taulo, akaachia mazungumzo yaendelee. Hayo nisingeyapata kwa kuhojiana sebuleni.

Nimeona mkono pale nyuma. Unauliza, wasipokula je? Wengine watachukua kijiko kimoja, watasema "inavutia", yaani wameshindwa. Usinune. Iweke kwenye friji, kesho mtu ataipasha moto.

Na wewe kijana unayecheka, unasema hujui kupika hata chai? Mwezi wa nane bado. Leo ukirudi, ingia jikoni kwa mama, anza na maharage, wiki ijayo chapati. Mama akikufukuza, mwambie mimi ndiye niliyekutuma.